Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mara: Mama Mwenye Uvimbe Apimwe Kabla ya Kunyimwa Homoni

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakuandikia wewe, na kupitia kwako Waganga Wakuu wa halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama, kuhusu wanawake ambao huduma zetu za afya huwajali sana hadi mtoto wao wa mwisho amalize chanjo, kisha huwapoteza machoni. Mwanamke akiwa mjamzito ana kadi, ana tarehe ya kurudi, ana muuguzi anayemwita mama fulani. Akifikisha miaka 47 au 50, hedhi ikaanza kuruka miezi na usiku akawa anaamka shuka limelowa jasho, haoni dirisha la kliniki linalomhusu. Na akiwa na uvimbe kwenye kizazi, kuna ushauri mmoja unaomaliza mazungumzo yote: una uvimbe, homoni usiziguse. Ushauri huo hutoka kwa ndugu, kwa majirani, kwa wauza dawa, na wakati mwingine kwa wahudumu wenye nia njema kabisa. Hoja yangu ni kwamba ukitolewa kabla ya vipimo ni kosa la kitabibu, na kwamba kulisahihisha kosa hilo kunahitaji vifaa vichache sana kuliko tunavyodhani.

Nianze na maradhi yenyewe, maana dharau huanzia hapo. Joto la ukomo wa hedhi huanzia kifuani, likapanda shingoni hadi usoni. Moyo huenda mbio, jasho huchuruzika, na baada ya dakika chache mwili hupoa ghafla hadi mtu akatetemeka. Mama anayegeuza dagaa juani pembeni mwa ziwa, au aliyesimama mbele ya tanuri la kukaushia samaki, hana pa kukimbilia joto hilo likimkuta kazini. Usiku humwamsha tena na tena, na asubuhi biashara inamngoja. Chanzo chake kinajulikana: ovari zinapopunguza estrojeni, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, na tiba ya homoni ni kumrudishia mama kilichopungua. Wapo wasemao ni jambo la mwaka mmoja, mwanamke avumilie lipite. Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama SWAN, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulitoa matokeo mwaka 2015: nusu ya waliopata joto hilo kwa wingi walidumu nalo zaidi ya miaka 7, na kwa wanawake weusi muda huo ulizidi miaka 10. Huwezi kumwambia mtu avumilie miaka 10 bila usingizi halafu ukaita hiyo huduma.

Sasa uweke uvimbe pembeni ya picha hiyo. Uvimbe ninaousema, ambao wengi wanauita faibroidi, ni misuli ya kizazi iliyokua pasipostahili. Si saratani, na ni nadra mno kukuta saratani imejificha ndani yake. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake kwa ultrasaundi bila kujali kama walikuwa na dalili. Walikadiria kwamba kufikia miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wana uvimbe, na kwa wazungu ni karibu asilimia 70. Wengi wao hawakuwahi kujua. Wanawake wenye asili ya Afrika pia huupata mapema, ukiwa mkubwa na wa zaidi ya mmoja. Mkoa wetu ulihesabiwa watu 2,372,015 katika sensa ya 2022. Hata tukichukulia kwamba hali ya hapa ni nafuu kuliko ya Marekani, sheria inayosema mwenye uvimbe asipewe homoni inawaondoa kwenye tiba wanawake wengi mno wanaoihitaji. Na haiwaondoi kwa haki, kwa sababu anayeondolewa ni yule aliyebahatika kupimwa. Mwenzake mwenye uvimbe uleule asiyewahi kuingia chumba cha ultrasaundi hajui hata kwamba amekatazwa.

Hofu yenyewe ina msingi, na sitaifanyia mzaha. Uvimbe wa kizazi hula homoni. Hukua katika miaka ya kuzaa, na ovari zikipumzika nao husinyaa. Kwa mantiki hiyo, kumrudishia mama estrojeni na projesteroni ni kama kuumwagilia maji mti uliokuwa unanyauka. Lakini mantiki ni jambo moja na kipimo ni jingine. Tafiti zilizofuatilia wanawake wenye uvimbe waliotumia homoni baada ya ukomo wa hedhi ni ndogo, za makumi ya watu na si maelfu, ila zinaelekea upande mmoja: kwa wengi uvimbe haukubadilika kiasi cha kuleta shida, kwa baadhi uliongezeka, hasa katika miaka miwili ya mwanzo, na dozi ya projestojeni, yaani dawa ya jamii ya projesteroni, ilipokuwa kubwa ongezeko nalo lilikuwa kubwa zaidi. Dawa iitwayo tibolone haikuonekana kuukuza. Ndiyo maana miongozo ya kitaalamu inauweka uvimbe kwenye orodha ya mambo ya kuangaliwa, na si kwenye orodha ya makatazo. Makatazo yapo, na ni mengine: saratani ya titi, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu au mapafu, kiharusi, mshtuko wa moyo, ugonjwa mkali wa ini, na damu ya ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana.

Kuna ushahidi mwingine ulio karibu zaidi nasi, na unanishangaza kwamba hautajwi. Shirika la Afya Duniani lina vigezo vya kuamua nani atumie njia gani ya uzazi wa mpango. Kwa mwanamke mwenye uvimbe, vigezo hivyo vinaweka vidonge vya majira, sindano na kijiti katika kundi la kwanza, yaani uvimbe wenyewe si kizuizi. Estrojeni iliyomo katika kidonge cha majira ina nguvu mara kadhaa kuliko ile ya tiba ya kawaida ya ukomo wa hedhi. Hatari za damu kuganda huongezeka kwa umri, kwa hiyo sisemi kinachomfaa binti wa miaka 28 kinamfaa mama wa 52 bila kumpima presha na kumuuliza historia yake. Ninachosema ni kwamba uvimbe usiomzuia mwanamke kupata kidonge cha majira akiwa na miaka 35 hauwezi ghafla kuwa sababu peke yake ya kumnyima dozi ndogo kuliko hiyo akiwa na miaka 52.

Jambo la kujua ni uvimbe upi, uko wapi na ni mkubwa kiasi gani. Tazama karatasi ya majibu ya ultrasaundi. Ina vipimo vya sentimita, urefu kwa upana, na ina maneno ya Kiingereza yanayotaja kama uvimbe umekaa upande wa nje wa kizazi, ndani ya ukuta wake, au umechungulia kwenye uwazi ambamo mtoto hukaa. Habari yote anayoihitaji daktari ipo kwenye mistari hiyo mitatu minne, lakini mama anayeondoka nayo ameondoka na neno moja tu, uvimbe. Mwenye uvimbe wa sentimita 2 upande wa nje na mwenye uvimbe wa sentimita 9 unaosukuma uwazi wa kizazi wanarudi nyumbani na hofu ileile. Wa kwanza anaweza kuanza dozi ndogo na kupimwa tena baada ya miezi kadhaa. Wa pili, ambaye uvimbe wake ndio wenye tabia ya kumwaga damu, huenda akahitaji kwanza kuonana na daktari bingwa. Na mama ambaye hedhi yake bado inaruka tu, haijakoma, yuko kwenye hali ya tatu: ovari zake bado zinapanda na kushuka, uvimbe wake bado uko hai, na tiba yake inahitaji uangalifu kuliko ya aliyekwisha kukoma miaka miwili nyuma.

Najua wengi, wakiwemo madaktari, wakisikia homoni wanakumbuka mwaka 2002. Mwezi Julai mwaka huo utafiti wa Marekani ulioitwa Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake iliyokuwa na wanawake 16,608 waliopewa estrojeni pamoja na projestojeni au kidonge kisicho na dawa. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliotumia dawa walipata saratani za titi 8 zaidi, viharusi 8 zaidi na mishtuko ya moyo 7 zaidi, ingawa mivunjiko ya nyonga ilipungua. Dunia nzima ilisikia neno saratani, na wachache waliuliza umri wa washiriki. Wastani wao ulikuwa miaka 63, yaani zaidi ya miaka 10 baada ya wakati ambao wanawake wengi huomba msaada. Sehemu ya pili ya utafiti huo, ya wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi na kupewa estrojeni pekee, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya viharusi, lakini saratani ya titi haikuongezeka. Leo vyama vya kitaalamu vinakubaliana kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajamaliza miaka 10 tangu hedhi ikome, na anayesumbuliwa na dalili, faida huzidi madhara. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa sehemu kubwa ya onyo kali lililobandikwa kwenye dawa hizi tangu zama hizo. Lakini mama ana haki ya kuambiwa upande wa pili pia. Uchambuzi wa tafiti 58 uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba wanawake 50 wakitumia estrojeni na projestojeni ya kila siku kwa miaka 5 kuanzia umri wa miaka 50, mmoja zaidi atapata saratani ya titi kabla ya kufika 70. Namba hiyo aambiwe kwa Kiswahili, akiwa ameketi, kisha aamue mwenyewe.

Atakayepinga kwa nguvu zaidi atasema: damu. Mama mwenye uvimbe akianza homoni, akatokwa damu, tutajuaje kama ni dawa, ni uvimbe au ni saratani? Swali ni zuri, na jibu lake ni kwamba kumnyima homoni hakulitatui. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa kuwapata wanawake wa Tanzania, haingoji homoni. Ukuta wa ndani wa kizazi unaweza kupata saratani kwa mama ambaye hajawahi kumeza kidonge. Nasi wa Kanda ya Ziwa tuna kichocho, ambacho aina yake mojawapo huharibu shingo ya kizazi na kuleta damu. Hatari kubwa zaidi ninayoiona ni ya mama mwenye uvimbe wa miaka mingi kuona damu akiwa na miaka 58 na kuambiwa, au kujiambia, ni kile kiuvimbe changu cha zamani. Akija kwa ajili ya homoni, damu yoyote isiyoeleweka huchunguzwa kwanza, shingo ya kizazi hukaguliwa, na ultrasaundi huonyesha unene wa ukuta wa ndani. Kwa hiyo kliniki ya homoni ikiendeshwa vizuri ndiyo itakayoinasa saratani mapema. Sharti lake moja halina mjadala: mwenye kizazi asipewe estrojeni peke yake ya mwili mzima. Tangu 1975 inajulikana kwamba estrojeni bila projestojeni huzidisha saratani ya ukuta wa kizazi, na hapo ndipo mama anayejinunulia dawa dukani bila mwongozo anapoweza kuangamia.

Wapo wanawake ambao uvimbe uliwapeleka chumba cha upasuaji, na kwao sentensi ile ya kukataza inaumiza zaidi. Mama aliyetolewa kizazi hana tena uvimbe wa kuogopa. Kwa kawaida hahitaji projestojeni, na estrojeni pekee ndiyo yenye rekodi nafuu kwa upande wa titi. Lakini kama ovari nazo ziliondolewa akiwa na miaka 40 au 43, mwili wake umeingia ukomo wa hedhi kwa usiku mmoja, si kwa miaka mitano ya kushuka taratibu. Mifupa huanza kudhoofika mapema na hatari ya moyo hupanda. Kwa mwanamke kama huyo miongozo haisemi anaweza kutumia homoni. Inapendekeza azitumie, angalau hadi umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, ikiwa hana katazo lingine. Ili apate tiba hiyo, lazima mtu ajue kilichotolewa. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali ikisema tu ametolewa kizazi, daktari wa miaka 5 baadaye atabaki kubahatisha. Mistari miwili ingetosha: ovari zimeachwa au zimeondolewa, na umri wa mgonjwa siku hiyo. Kambi za madaktari bingwa ambazo Serikali imekuwa ikizituma kwenye halmashauri tangu 2024 zimewasogezea wanawake upasuaji. Basi karatasi ya kila anayepasuliwa isiwe na pengo hilo.

Na kuna tiba ya homoni ambayo hata mjadala huu wote hauihusu sana. Estrojeni ikipungua, uke hukauka, tendo la ndoa huuma, na njia ya mkojo hudhoofika. Wanawake wengi hawasemi la kwanza wala la pili. Wanasema la tatu, kwa jina ambalo kila duka la dawa linalijua, UTI sugu. Hupewa antibiotiki, hupata nafuu, hurudi, hupewa nyingine. Tangu 1993 ushahidi upo kwamba krimu ya estrojeni inayopakwa ukeni hupunguza sana marudio hayo kwa wanawake waliokoma hedhi. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, kwa hiyo uvimbe wa kizazi si sababu ya kuikataa. Kama mkoa ungeweza kuanza na jambo moja tu, ningeomba liwe hili.

Kuna watakaosema mkoa una mambo mazito zaidi. Wanawake wanajifungua kwa shida, watoto wanaugua malaria, na wewe unatuletea joto la akina mama wazima. Nawajibu kwa takwimu za nchi yetu wenyewe. Utafiti wa hali ya afya wa 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Wanawake waliookolewa katika labor wodi zetu watafika miaka 50. Tumewalipia gharama ya kuishi, nao ndio wanaouza samaki, wanaosomesha, wanaolea wajukuu na kusimamia vikundi vya kuweka na kukopa. Kuwaacha wakose usingizi kwa miaka 10 ni kuitupa faida ya kazi yenu wenyewe. Tena kimya cha hospitali hakiachi nafasi tupu. Wauza dawa za kuyeyusha uvimbe wanaijaza, kwenye simu, redioni na minadani. Mama wa miaka 50 akinywa chupa zao kwa mwaka mzima, uvimbe unaweza kweli kusinyaa, maana ovari zimepumzika. Sifa na pesa atapewa mwenye chupa.

Ninachoomba kinaweza kuanzia kwenye kikao chenu kijacho cha mkoa. Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa itenge siku moja ya mwezi kwa wanawake waliovuka miaka 45, na hospitali za Bunda na Butiama zielekeze wagonjwa huko, ili safari ya zaidi ya kilomita 200 kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, ibaki ya wale wanaohitaji bingwa kweli. Waandaliwe wahudumu ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema nani asipewe homoni kamwe, nani apimwe kwanza, na lini ultrasaundi irudiwe. Majibu ya ultrasaundi yasomwe kwa mgonjwa, sentimita kwa sentimita, na nakala akae nayo, kwa sababu bila kipimo cha kwanza hakuna atakayejua kama uvimbe umekua. Mzungumze na Bohari ya Dawa na Mfuko wa Bima ya Afya kuhusu dawa chache tu: estrojeni moja ya kumeza, projestojeni moja, na krimu moja ya ukeni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kitita chake kisimsahau mwanamke aliyemaliza kuzaa. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za mimba na watoto, wamuulize na bibi wa nyumba analalaje usiku.

Kwa mama anayesoma barua hii, nina neno moja ambalo halingoji kikao. Ukishapitisha miezi 12 bila hedhi, kisha ukaona damu, hata tone, uwe unatumia homoni au hutumii, uwe na uvimbe au huna, nenda hospitali wiki hiyohiyo, na usikubali kurudi nyumbani bila kuchunguzwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kamunyonge, Musoma